Gson, Moshi au kotlinx: ipi inapiga kelele fildi ikikosekana?

ZabibuKodi (Dodoma):
Wakuu, habari za jioni. Nina app ya Android ya kuorodhesha mizigo inayoingia soko la Kibaigwa. Naisoma JSON (data ya maandishi) ya seva kwa maktaba ya Gson. Jana mnunuzi kanipigia: "Kijana, alizeti siku hizi inagawiwa bure?" Kucheki, bei inasoma 0.0. Na seva inaileta:

`{"id": 14, "zao": "alizeti", "bei_kilo": 1100}`

Modeli yangu ya Kotlin:

`data class Mzigo(val id: Int, val zao: String, val beiKilo: Double = -1.0, val daraja: String)`

Ile -1.0 niliiweka makusudi, bei ikikosekana nijue. Haionekani kabisa! Nikigusa `daraja` nako app inazima, NullPointerException, wakati nimeandika String isiyo na alama ya kuuliza, yaani isiyoruhusu null (patupu). Nihamie maktaba nyingine, Moshi au kotlinx.serialization?

mama_debagi:
Usihame na ugonjwa wako. Seva inasema `bei_kilo`, wewe `beiKilo`. Kwa Gson hayo ni majina mawili tofauti. Weka `@SerializedName("bei_kilo")`.

Kuhusu -1.0: klasi yako haina konstrakta tupu (isiyodai thamani yoyote), kwa hiyo Gson inaunda kitu kwa mlango wa nyuma (Unsafe) bila kupita kwenye konstrakta uliyoandika. Namba zinabaki 0, maandishi yanabaki null, na ahadi za Kotlin kuhusu null hazijui hata zipo. Ukiipa kila fildi thamani ya awali, konstrakta tupu inapatikana na -1.0 utaiona. Ila hicho ni kiraka tu.

MnadaMsalato:
Mimi Moshi, na codegen yake (inakuandikia msimbo wa kusoma JSON app inapojengwa). Fildi ya lazima isipokuja inakwambia usoni:

`Required value 'daraja' missing at $`

Inaheshimu thamani za awali pia. Hapo ndipo pa kuangalia: ukiacha -1.0 na jina limekosewa, utapata -1.0 kimya kimya. Bei usiipe thamani ya awali, iache ife.

Ihumwa_dev:
Mbona mnahangaika, fildi zote weka `?` maisha yaendelee.

mama_debagi:
@Ihumwa_dev halafu kila skrini uulize kama bei ipo? Mdogo wangu, hapo umehamisha tatizo tu kutoka sebuleni kwenda jikoni.

kijana_wa_UDOM:
kotlinx inatupa MissingFieldException yenye jina la fildi. Ina ukali wa aina mbili, mjiandae. Seva ikiongeza fildi usiyoijua, inagoma mpaka uweke `ignoreUnknownKeys = true`. Na `val daraja: String?` peke yake bado ni ya lazima! Ama uandike `= null`, ama `explicitNulls = false`. Moshi hapo haina neno, inakupa null. Hili lilinila siku nzima.

bwana_seva:
Huku kwenye lugha ya Go hadithi ni hiyohiyo, bei isipokuja unapata 0. Natumia `*float64` nijue kama haikuja au kweli ni sifuri.

MnadaMsalato:
Nyongeza kwa watakaobaki Gson: toleo la debagi likiwa safi halafu APK ya kusambaza ikaleta null kila mahali, mshuku R8, kile chombo cha Android cha kupunguza msimbo. Inabadilisha majina ya fildi.

ZabibuKodi:
Nimehamia kotlinx, jina nimelirekebisha kwa `@SerialName`. Kosa la kwanza kutokea ni `daraja`: kumbe seva inalituma kwa mahindi tu, alizeti haina. Nililaumu Gson wiki mbili! Sasa `daraja` ni `String? = null`, bei haina thamani ya awali. Mnunuzi nimemtumia APK mpya. Kajibu kwamba ile ya bure ilikuwa nzuri zaidi.