Kwa nini nafasi kuu ya The Crowd (1928) hakupewa nyota?

Swali

Ndugu wanajukwaa, nimeitazama filamu bubu ya Marekani iitwayo The Crowd, iliyoongozwa na King Vidor kwa kampuni ya filamu ya MGM. Mwaka 1925 Vidor alikuwa ameiletea kampuni hiyo faida kubwa kwa The Big Parade, ambayo mhusika wake mkuu aliigizwa na John Gilbert, nyota aliyependwa mno wakati huo. Kwa nini basi nafasi ya John Sims, mhusika mkuu wa The Crowd, alipewa James Murray, kijana ambaye watazamaji wengi hawakuwa wakimjua?

Mchangiaji wa kwanza

Jibu limo katika hadithi yenyewe. John Sims anazaliwa tarehe 4 Julai 1900 na kukua akiamini kwamba atakuwa mtu mkubwa, lakini anapohamia New York anaishia kuwa karani wa kampuni ya bima, kwenye dawati namba 137. Kamera inapanda ukuta wa jengo refu, inaingia dirishani, inapita juu ya madawati yaliyopangwa safu kwa safu, ndipo inamfikia yeye. Angekuwa Gilbert, tungemtambua papo hapo na safari yote ya kamera ingekuwa bure. Vidor alisimulia kwamba alimwona Murray akipita miongoni mwa waigizaji wa ziada, akamwita kwa mazungumzo, lakini kijana hakutokea kwa kuwa alidhani anataniwa, ikabidi atafutwe.

Mchangiaji wa pili

Nakubaliana nawe, ila inanisikitisha kwamba mjadala wa filamu hii humsahau Eleanor Boardman, anayeigiza kama Mary, mke wa John. Yeye hakuwa mgeni: alikuwa mwigizaji wa MGM, na alikuwa ameolewa na Vidor mwaka 1926. Kwa maoni yangu kazi yake ilikuwa ngumu kuliko ya Murray, kwa sababu alilazimika kuuweka kando urembo wa studio na kuonekana nywele timtim, amechoka, katika nyumba finyu ambamo kila kitu kinaharibika na mume analalamika. Tazameni pale ndugu zake wanapomjia ili aondoke, naye anatoka kisha anashindwa kwenda. Uamuzi wote umo usoni mwake. Bert Roach, katika nafasi ya rafiki anayepandishwa cheo, anafaa tu.

Muulizaji

Nashukuru. Je, Murray aliendelea kuigiza?

Mchangiaji wa kwanza

Aliendelea, lakini ulevi ulimharibia kazi. Vidor alipotayarisha Our Daily Bread, iliyotoka mwaka 1934 na kuwarejesha John na Mary Sims katika miaka ya mdororo wa uchumi, alitaka kumrudisha. Murray alikataa, na nafasi ikaenda kwa Tom Keene. Mwaka 1936 Murray alikufa maji katika mto Hudson, New York, akiwa na umri wa miaka 35.

Mchangiaji wa pili

Hata hivyo tusiisome filamu kwa kuanzia kwenye msiba huo, maana uchangamfu wa Murray katika sehemu za mwanzo ni uigizaji wa makusudi na unastahili sifa yake wenyewe. Katika tuzo za kwanza za Academy (Oscar) filamu hii ilipendekezwa kuwania tuzo ya picha ya kipekee na ya kisanaa, iliyokwenda kwa filamu ya Sunrise, na Vidor alipendekezwa kama mwongozaji. Murray na Boardman hawakupendekezwa kabisa.