Garansi yangu imetoa rangi ya chai, nyekundu iko wapi?

Mama_Himbi (Goma)
Jambo wapendwa. Mdogo wangu amenitumia gramu 200 za mizizi ya garansi, ule mmea wa kutia nguo rangi nyekundu, kutoka Ubelgiji. Nina amerikani ya pamba, gramu 400. Nililoweka mizizi usiku kucha, asubuhi nikabandika sufuria kwenye makala, maji ya ziwa, ikatokota kama maharagwe. Nilingoja damu ya mzee, nikapata chai ya jana! Nilipofua, nusu ya rangi ikaenda na maji. Mdogo wangu akiuliza nitamjibu nini?

Fundi_Kadutu (Bukavu)
Pole Mama. Garansi haitokoti hata siku moja. Mzizi una nyekundu, una njano, una kahawia. Moto ukizidi nyuzi 70 hivi, kahawia hutoka kwa wingi na kuifunika nyekundu. Mvuke uonekane, mapovu yasionekane. Mimi hupunguza makala, nageuza nguo kwa mwiko saa nzima, halafu inalala humo humo hadi asubuhi.

Na shabu je? Sijaona ukiitaja. Bila shabu rangi haina pa kushika. Kwa nguo yako, gramu 60. Pamba nayo ni bishi kuliko sufu: ichemshe kwanza na sabuni na magadi, iloweke katika maji ya majani ya mapera yaliyochemshwa, ndipo shabu ifuate. Halafu punguza nguo. Gramu 200 za mizizi ni za gramu 200 za nguo ukitaka nyekundu ya kweli.

Mwalimu_K (Goma)
Nyongeza: maji. Ya Ziwa Kivu yana magadi, yanaivuta rangi kwenye zambarau. Ukikimbilia ya mvua, moshi wa volkano ya Nyiragongo unayatia uchachu, na uchachu unaivuta kwenye chungwa. Mimi nakinga ya mvua, natia kijiko cha chaki iliyosagwa. Chokaa iliyomo inaipenda sana nyekundu ya garansi. Chungu cha chuma usikiguse, kitaifanya iwe nyeusi-nyeusi.

Mama_Himbi
Shabu! Niliisahau kabisa, na ipo kabatini, baba watoto anajipaka akinyoa ndevu. Asanteni. Mizizi nimeshaimwaga nyuma ya nyumba, kwenye mawe ya volkano.

Fundi_Kadutu
Umeimwaga?! Mama, iokote. Iliyokwisha kutumika bado inatoa rangi, japo hafifu.

Mama_Himbi
Kuku wa jirani wanaichakura sasa hivi. Nakuja.