Faiba ikikata nyumbani, laini ya 4G ichukue yenyewe. Naanzia wapi?

tegeta_juu: Wakuu habarini. Nafanyia kazi nyumbani, natumia faiba, na huku kwetu wakichimba barabara kidogo tu waya umekatwa, kurudi ni kesho yake. Nina MikroTik ndogo (ruta inayogawa mtandao nyumbani) na nimenunua ruta ya 4G ya kuweka laini. Kwa sasa faiba ikienda inabidi niinuke nihamishe waya kwa mkono, nikiwa kwenye kikao na mteja ndo basi tena. Nataka ihame yenyewe.

fundi_nyaya: Inawezekana mkuu na hununui kitu kingine. Faiba iingie tundu la ether1 la MikroTik, 4G iingie ether2 (hiyo ether2 itoe kwanza kwenye bridge, yaani kundi la matundu ya ndani, uiingize kwenye list ya WAN, upande wa intaneti). Hakikisha zile ruta mbili hazina anwani moja, nyingi zinakuja na 192.168.1.1, so badilisha ya 4G. DHCP client zote (zinazoomba anwani kwa zile ruta mbili) weka add-default-route=no, njia za kutokea nje (default) utaziandika mwenyewe, faiba distance 1, 4G distance 2, yenye namba ndogo ndo inatumika kwanza.

Sasa hapa ndo wengi wanakwama, wanaambia MikroTik iping (itume ujumbe mfupi isubiri jibu) ruta ya faiba iliyopo hapo hapo sebuleni. Waya umekatwa huko barabarani, ya sebuleni si itajibu tu? Inatakiwa iping kitu cha nje. Tengeneza njia ya 1.1.1.1 (seva iliyoko nje kwenye intaneti) ipitie gateway ya faiba tu, yaani anwani ya ruta ya faiba, scope 10, halafu kwenye default ya faiba gateway andika 1.1.1.1, target-scope 11, check-gateway=ping. Inaping kila sekunde 10, ikikosa mara mbili inahama, faiba ikirudi inarudi. Na 1.1.1.1 usiiweke kwenye DNS (inayotafuta anwani za tovuti) kabisa, faiba ikifa nayo haifikiki, weka 8.8.8.8.

mama_sakina: Msisahau umeme jamani. Umeme ukikatika kile kiboksi cha faiba nacho kinazima hata kama waya uko mzima. Tafuta UPS ndogo (betri ya akiba) ya ruta, ila soma kwanza adapta ya kila kifaa, kuna vya 12V na vya 9V, ukichanganya unaunguza.

mzee_wa_kanda: Laini iwe ya kampuni nyingine, si ile ya faiba yako. Hata hivyo kuna siku faiba na laini zinaumwa pamoja, Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika siku moja na karibu mitandao yote hapa Tanzania ilisumbua.

tegeta_juu: Asanteni sana. Na bando je? Kamera na TV si zitalimaliza usiku mmoja?

fundi_nyaya: Zitalimaliza kweli, maana zenyewe hazijui kama mmehamia 4G. Zipe IP (anwani) za kudumu, halafu kwenye firewall ya MikroTik, sehemu ya forward, drop (zuia) chochote kinachotoka kwao kupitia ether2. Kompyuta ya kazi iache. Kikao kitaganda kidogo wakati inahama, anwani ya nje inabadilika, hilo halikwepeki. Ukimaliza chomoa ule waya mwembamba wa kichwa cha kijani nyuma ya kiboksi, usichomoe wa ether1, uone kama inahama kweli.