Kiwanja kati ya bahari na barabara Mikindani: nimenyimwa kibali cha ujenzi, nifanye nini?

Mwalimu wa Chuno

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Mwaka 2013, wakati bomba la gesi la kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam likijengwa na kila dalali wa mji huu akitembea na kalamu sikioni, nilikopa kwenye SACCOS yetu nikanunua eneo ambalo halijapimwa upande wa Mikindani, lililo kati ya bahari na barabara kuu. Tuliandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili, muhuri ukagongwa, nami nikaamini kwamba kazi imekwisha. Mwaka uliofuata nilijenga msingi wa nyumba ya wageni ya vyumba 8, nikauweka upande wa baharini kwa ajili ya upepo, kisha fedha zikaniishia.

Mwaka huu, baada ya kupata kiinua mgongo, niliomba kibali cha ujenzi. Nimejibiwa kwa maandishi kwamba msingi wote umo ndani ya mita 60 za ufukwe, na kwamba sehemu ya mbele ya eneo imo ndani ya hifadhi ya barabara. Kwa hatua zangu mwenyewe, kutoka pale maji ya bamvua yanapokoma hadi katikati ya lami ni kama mita 110, na upana ni mita 35. Je, ninastahili fidia? Na kama sistahili, niuze, au ningoje mradi wa kusindika gesi asilia wa Lindi uanze, huenda bei zikapanda na masharti yakalegezwa?

Mpimaji Mstaafu

Mwalimu, pole sana. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na Sheria ya Barabara ya 2007 inatenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Ukitoa 60 na 30 katika 110 zako, unabakiwa na ukanda wa mita 20, ambao kwa upana wa mita 35 ni mita za mraba 700. Hicho ndicho ulichonunua, ingawa ulilipia zaidi ya mara tano yake.

Kuhusu fidia, nisingependa kukupa matumaini yasiyo na msingi. Sheria zote mbili zilikuwapo kabla hujatoa senti yako, kwa hiyo hakuna aliyekunyang'anya haki uliyokuwa nayo. Mwenye nyumba aliyekuwapo kabla hifadhi ya barabara haijapanuliwa mwaka 2007 huyo ana hoja, na ndiyo maana utaona nyumba nyingine zimewekwa X ya kijani, za wanaongoja kulipwa, na nyingine X nyekundu, za wanaotakiwa kuondoka bila malipo. Wewe ungeangukia kwenye nyekundu. Muhuri wa mtaa nao haubadilishi kitu, kwa kuwa mwenyekiti anashuhudia tu kwamba anawafahamu nyinyi wawili na kwamba mmekubaliana. Hana mamlaka ya kukumilikisha.

Hata hivyo, mita za mraba 700 kando ya barabara kuu si za kudharauliwa. Usiongeze hata tofali moja juu ya msingi ule. Nenda kwa afisa mipango miji wa manispaa uulize kama eneo lako limo kwenye mchoro wowote wa mipango miji na limepangiwa matumizi gani, maana likiwa limechorwa kuwa eneo la wazi, hesabu yangu yote haina maana. Likiwa ni la makazi au biashara, omba lipimwe na bikoni (alama za mipaka) ziwekwe, ndipo ufuate hatimiliki. Nyumba ya wageni karibu na bahari itakudai pia taratibu za tathmini ya mazingira kupitia NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, ambazo nyumba ya kawaida ya kupangisha kwa kawaida haizidai, na gharama zake huenda zikala faida ya miaka kadhaa.

Mkazi wa Mitwero

Nakubaliana na mzee hapo juu, ila nataka kulijibu swali la kungoja gesi, kwa sababu sisi wa Lindi tumeingoja kuliko nyinyi. Eneo la mradi lilichaguliwa Likong'o, na madalali wakaanza kuuza mpaka maeneo ambayo mradi hauwezi kuyafikia. Januari 2021 kampuni ya Equinor ya Norway ilitangaza kupunguza thamani ya uwekezaji wake katika mradi huo kwa dola milioni 982, na Juni 2022 makubaliano ya awali yakasainiwa, tukasherehekea. Katika muda huo wote aliyekopa aliendelea kudaiwa riba. Mtwara yenyewe ilipata bandari na reli kwa sababu ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na reli ile leo haipo. Isitoshe, gesi ikija, mita 60 zitabaki 60.

Ukiamua kuuza, mwambie mnunuzi ukweli wa zile mita 20, na ukumbuke kwamba TRA watadai asilimia 10 ya faida uliyopata. Tunza risiti za saruji na nondo, ingawa kwa hali ninayoiona sidhani kama faida ipo.

Binti Mikindani

Shikamoo Mwalimu. Hakuna aliyeuliza kuhusu minazi. Huku kwetu mtu anaweza kukuuzia ardhi huku minazi au mikorosho iliyomo ikiwa ni ya shangazi yake, au imewekwa rehani kwa jirani tangu msimu mbaya wa korosho. Upimaji ukianza, hao wote watajitokeza. Karatasi yako inataja miti?

Mwalimu wa Chuno

Marahaba, mwanangu. Nimeitoa karatasi kabatini. Imeandikwa "eneo pamoja na mwembe mmoja", wakati minazi iliyopo ni 11, na kila mwaka kuna kijana anayekuja kuiangua, nami nikidhani ananiibia. Aliyeniuzia amekwishafariki, lakini dada zake wawili wapo. Nitawaendea Ijumaa baada ya swala nikiwa na shahidi mmoja aliye hai, tuandikishane upya kuhusu minazi mbele ya wakili, na Jumatatu nitakwenda manispaa kuuliza mchoro. Mzee Mpimaji, naomba kuuliza jambo moja tu lililobaki: mita 60 hupimwa kutoka maji ya bamvua au maji ya kila siku? Kwangu tofauti yake ni kama mita 9.

Mpimaji Mstaafu

Usiipime mwenyewe, na wala usikubali kupimiwa na dalali. Mwombe mpimaji wa manispaa auchore mstari huo kwenye ramani na kuutia saini. Mimi ningehesabu kwa bamvua ili nisije nikavunja ukuta baadaye.