Tabora: watoto wanakatwa kwenye mchujo wa riadha kwa sababu ya chokaa iliyochorwa hovyo

Wakuu, wasimamizi naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa ndondo (soka la mtaani). Hapa ni riadha.

Kila msimu wa michezo ya shule hadithi ni ileile. Siku moja kabla ya mchujo wa kata anatumwa mtu uwanjani na ndoo ya chokaa, kamba ya manila na karatasi ya vipimo iliyonakiliwa enzi hizo. Jioni uwanja unang'aa, wakubwa wanapiga picha, na mtoto wa leni (njia ya kukimbilia) ya 4 ameshakatwa kabla hajavua ndala.

Mwizi namba moja ni hiyo karatasi. Imeandikwa kwamba kwenye mbio za mita 200 leni zipishane mita 3.83, yaani kila leni ya nje ianzie mbele ya ile ya ndani yake kwa kiasi hicho. Sawa kabisa, ila kwa uwanja wa mita 400, ambako mita 200 zina kona moja tu. Uwanja huo ukiwa na leni 8 unataka eneo la mita 177 kwa 93, na viwanja vyetu vingi vya shule na kata havina, ndiyo maana tunachora wa mita 200. Hapo mita 200 ni raundi nzima, kona mbili, kwa hiyo kupishana ni mita 7.67. Ukiweka 3.83, wa leni ya 4 anakimbia mita 11 na nusu zaidi ya mwenzake wa leni ya 1. Kwa mtoto wa sekunde 28, hiyo ni zaidi ya sekunde moja na nusu imepotea. Alphonce Simbu amekuwa bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03, baada ya kilomita 42 na ushee! Sisi sekunde nzima na nusu tunaigawa kwa kura ya leni, halafu tunauliza vipaji vimeenda wapi.

Na hesabu yenyewe si ya chuo kikuu. Chukua upana wa leni, zidisha kwa 2, zidisha kwa 3.1416. Leni ya mita 1.22 inakupa 7.67 kwa kila raundi, uwanja uwe mkubwa au mdogo, haijalishi. Eneo likibana mkachora leni za mita 1, inakuwa 6.28. Mita 400 kwenye uwanja huo mdogo ni raundi mbili, basi kama wanabaki kwenye leni zao mpaka mwisho, kila leni inasogea 15.33. Wale wa "hatua saba mwalimu, inatosha", hatua saba za mtu mzima hazifiki hata mita 6. (Mjuaji asije hapa na 7.04 ya leni ya 2. Hiyo ni ya uwanja wenye ukingo ulioinuka upande wa ndani, ambako leni ya 1 inapimwa sentimita 30 kutoka kwenye ukingo. Ya chokaa inapimwa sentimita 20 kutoka mstari wa ndani, leni zote.)

Uwanja wenyewe unachorwa hivi. Piga mstatili wa mita 40 kwa 37.80. Pima kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili zisome 55.03, zikitofautiana, mstatili umelala, anza upya, usianze "kurekebisha kidogo". Katikati ya kila upande wa 37.80 gongelea nondo ya nusu mita, maana kwenye mchanga wetu huu kigingi cha mti kinalala baada ya kuvutwa mara mbili. Kutoka hapo zungusha nusu duara yenye nusu kipenyo cha mita 18.90, kisha ongeza 1.22 kwa kila leni. Leni 4 zinaingia kwenye eneo la mita 88 kwa 48.

Zungusha kwa waya. Manila inavutika: anayezungusha anaanza na nguvu, akifika mwisho kachoka, kona inatoka kama yai. Na mnapopima kupishana, pimeni mkifuata mviringo, mita moja moja. Tepu ikinyooshwa moja kwa moja kukata kona, kwenye zile mita 23 za leni ya 4 (7.67 mara tatu) mnakosea karibu mita nzima. Hapo mtoto wa nje anapewa zawadi, wa ndani anaumia.

Chokaa: iwe iliyozimwa, yaani iliyokwisha kuchanganywa na maji. Isiyozimwa ikikutana na jasho au umande inaunguza vibaya zaidi, na nusu ya watoto wanakimbia peku. Oili chafu nayo hapana, inaua nyasi.

Kuhusu saa sitasema mengi. Mpima muda aliye kwenye mstari wa kumalizia abonyeze akiona moshi wa bastola au vibao vikigongana. Akisubiri mlio kutoka mita 100, kashamzawadia mkimbiaji karibu sekunde 0.3. Saa tatu kwa mshindi, mnachukua ya katikati. Mnaweka saa moja, tena ya simu, mwenye nayo kakaa chini ya mwembe anajibu meseji!

Tepu ya mita 50 ni kitu cha kununuliwa mara moja na kata nzima ikaazimana. Hela ya fulana za kamati huwa ipo.

NYONGEZA: Kuna mdau kauliza kuhusu vikundi vya jogingi vinavyohesabu "raundi kumi, kilomita nne" pembeni ya uwanja wa mpira. Mkuu, uwanja wa mita 105 kwa 68 ukiuzunguka kwenye mstari ni mita 346. Raundi kumi ni kilomita 3 na nusu kasoro. Ukitaka kilomita 4, kimbia raundi 11 na nusu, ongeza hatua chache. Na viwanja vyetu vingi havifiki hata 105, kwa hiyo pima kwanza wa kwenu.