Jamaica, Barbados au Jamhuri ya Dominika kwa pasi ya Tanzania na Kenya: viza, chanjo, usalama

Kigamboni_Juu:
Wakuu, tunapanga wiki 2 za Karibi, tunaondokea Dar. Tupo wanne: watu wazima 2 (mmoja ana pasi ya Kenya, sisi wengine za Tanzania), mama wa miaka 67 na mtoto wa miaka 3. Tumebaki na Jamaica, Barbados na Jamhuri ya Dominika. Ipi haina usumbufu uhamiaji, na ipi inamfaa zaidi mama na mtoto?

Tiketi_Mkononi:
Dominika iondoeni mapema. Pasi zenu zote mbili zinadai viza, isipokuwa kwa mwenye viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza au Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja). Jamaica na Barbados ni wenzetu wa Jumuiya ya Madola, hazidai viza kwa matembezi. Ofisa atataka tiketi ya kurudi, anwani kamili ya mnakofikia na ushahidi kwamba fedha mnazo. Fomu ya uhamiaji na forodha hujazwa mtandaoni kabla ya kusafiri, bure kwa nchi zote mbili. Tovuti ikikudai dola, umeingia kwa madalali.

Watu hawakwami kule, wanakwama njiani. Hakuna ndege ya moja kwa moja:

– Kupitia Marekani: kila abiria hupita uhamiaji, hata akiunganisha kwa saa 2. Bila viza hupandi ndege.
– Kupitia Kanada: viza ya kupita inahitajika. Hailipiwi, ila maombi huchukua muda.
– Kupitia London: Mtanzania na Mkenya wote wanahitaji viza ya kupita hata wasipotoka uwanjani. Ukishuka Heathrow na kuondokea Gatwick, ile ya ndani ya uwanja haitoshi, kwa sababu lazima uingie nchini. Omba ile ya kupita uhamiaji, ya saa 48.

Likoni_Feri:
Naongezea kwa Mkenya: njia ya Amsterdam huwa nyepesi kwa pasi hizi mbili, bora safari nzima iwe kwenye tiketi moja na mizigo ipitilizwe hadi mwisho. Ukinunua tiketi mbili tofauti kwa kufuata bei, utalazimika kutoka kuchukua begi, na hapo ni viza ya Schengen. Wenzetu wa pasi ya Kongo (DRC) wanahitaji viza ya kupita uwanjani nchi zote za Schengen, wasifuate ushauri huu.

Nesi_wa_Zamu:
Suala la homa ya manjano lisomeni vizuri. Jamaica na Barbados zinadai cheti kwa kila mwenye umri wa mwaka 1 na zaidi anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo. Kinachoangaliwa ni ulikotoka, si rangi ya pasi. Kenya imo kwenye orodha ya WHO. Tanzania haimo, lakini kuna nchi zinazohesabu pia kukaa zaidi ya saa 12 uwanjani katika nchi iliyomo, na Nairobi na Addis zote zimo. Wengi kaunta hawachambui hayo, wanaona Afrika Mashariki wanadai kadi ya njano. Chanjeni siku 10 au zaidi kabla ya kufika, maana kabla ya hapo cheti hakijaanza kufanya kazi. Baada ya hapo ni cha maisha.

Mtoto wa miaka 3 hana tatizo. Mama ndiye wa kuangaliwa: kwa aliyevuka miaka 60 na hajawahi kuchanjwa, dozi ya kwanza ina hatari kubwa kidogo ya madhara makali. Amwone daktari. Akizuiwa, kituo cha chanjo kinajaza sehemu ya msamaha wa kitabibu kwenye kadi na kugonga muhuri. Mwandikieni ubalozi mapema kuuliza kama msamaha utakubaliwa.

La pili, naomba mlishike: kote huko kuna dengi, na mbu wake huuma mchana. Chandarua cha usiku hakitoshi, pakeni dawa yenye DEET tangu asubuhi. Mtu akipata homa, mpeni parasetamoli tu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuchochea kutoka damu.

Na homa ikianza mkiwa kule, mwambieni daktari waziwazi kwamba mmetoka eneo la malaria. Visiwa hivi viwili havina malaria ya kudumu, hivyo daktari atafikiria dengi kwanza, na malaria ya falsiparamu (aina kali) humaliza mtoto kwa siku chache. Dai kipimo.

Mkondo_Bahari:
Kwa mama na mtoto, Barbados. Bahari ya magharibi, kama Holetown, imetulia. Mashariki, Bathsheba, msiogelee, mkondo unavuta. Ufukweni kuna mti wa manchineel, tunda lake kama tufaa dogo la kijani. Utomvu unaunguza ngozi, kwa hiyo msijikinge mvua chini yake. Mingi hupigwa alama nyekundu. Dharura: polisi 211, gari la wagonjwa 511.

Jamaica ni nzuri, lakini inataka mpango. Teksi halali ina namba nyekundu, nyingine msipande. Bangi isiwachanganye: tangu 2015 kiasi kidogo si kosa la jinai, ila kuipitisha uwanja wa ndege ni kosa. Polisi 119, gari la wagonjwa 110.

Kote kuwili nguo za kombati ni marufuku kwa raia, hata kofia ya mtoto.

Kigamboni_Juu:
Asanteni sana. Tukienda Septemba, bei inashuka. Kuna ubaya?

Mkondo_Bahari:
Ndiyo sababu inashuka, mkuu. Msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na Septemba ndiyo kilele. Melissa iliipiga Jamaica 28 Oktoba 2025 ikiwa daraja la 5, na mji wa Black River uliumia vibaya. Kwa upande wa magharibi wa Jamaica, ulizeni hoteli kama imefunguliwa yote, na hospitali ya karibu ni ipi. Barbados iko mashariki zaidi, vimbunga vingi huipita pembeni, ingawa Beryl ya 2024 iliharibu mashua nyingi za wavuvi. Februari hadi Aprili ni kukavu. Bima nunueni kabla kimbunga hakijapewa jina. Kikishatajwa, kampuni nyingi hazilipi.

Likoni_Feri:
Na pasi ya umeme muiache nyumbani. Kule ni volti 110 hadi 115, haitapata moto. Chaja za simu zinafanya kazi, tafuteni adapta ya pini mbili bapa.