Spika za ubao wazi: nikisimama sauti ya mwimbaji inazama. Kosa ni umbali wa twita?

Kijuba:
Wakuu, salaam. Nimejenga jozi ya spika za ubao wazi, hazina boksi kabisa, nyuma ni hewa tupu. Ubao ni plaiwudi ya milimita 24, upana sentimita 45 kutoka chini hadi juu. Chini kuna wufa (ya sauti nzito) ya inchi 15, katikati midi (ya sauti za kati) ya inchi 8, juu twita (ya sauti nyembamba) ya kuba ya milimita 25. Krosova, yaani sakiti inayogawa sauti kati ya midi na twita, iko kilohezi 2.5, mteremko desibeli 24 kwa oktavu (kila masafa yanapozidi mara mbili). Ukipima kati kwa kati, midi na twita zimeachana sentimita 24. Niliogopa matundu mawili yakikaribiana sana ubao ungekatika pale.

Nikikaa mita 2 mbele yake, raha tupu. Gita linasimama peke yake katikati ya chumba, na besi haivumi kama ile ya boksi. Lakini nikisimama tu, mwanamke anayeimba anakuwa kama amegeuza uso ukutani. Nikikaa, anarudi. Nimeshabadilisha kapasita zote za krosova, hakuna tofauti. Nianzie wapi?

Fundi Koni:
Kijuba, kapasita waziache, hazina kosa. Shika kalamu.

Sauti inakwenda kama mita 344 kwa sekunde. Gawa kwa 2,500, unapata wimbi la sentimita 13.8. Pale kwenye krosova, midi na twita zinatoa mlio uleule kwa nguvu sawa. Ukiwa umekaa, sikio liko umbali sawa kutoka kwa zote mbili, mawimbi yanafika pamoja. Ukisimama, sikio linapanda kama sentimita 60, na ghafla twita iko karibu nawe kuliko midi kwa sentimita 7 hivi. Sentimita 7 ni nusu ya wimbi lako. Moja inasukuma hewa, nyingine inaivuta, na hapo ndipo mwimbaji wako anapopotelea. Ni jometri tupu, hata ungeweka kapasita za dhahabu.

Mimi sikubali umbali wa kati kwa kati uzidi wimbi moja la krosova, na nikiweza nashuka chini ya hapo. Wewe uko karibu wimbi moja na robo tatu. Isogeze twita mpaka bamba lake liguse fremu ya midi, utapata kama sentimita 16. Kisha shusha krosova hadi kilohezi 1.6, wimbi liwe sentimita 21.5. Lile shimo ambamo sauti inapotea litahamia nyuzi 42 hivi juu, huko hakuna sikio la mtu.

Gharama yake inabebwa na twita. Kwa sauti ileile, kuba litasogea karibu mara 2.5 ya lilivyokuwa likisogea. Soma karatasi yake: kama masafa yake ya asili, yale ambayo kuba hutikisika lenyewe, ni hezi 600 au 700, endelea. Kama ni 1,200, usiithubutu, utaiunguza. Faida nyingine ni kwamba koni ya inchi 8 huanza kubana sauti mbele kama mwanga wa tochi kuanzia karibu kilohezi 2. Uliikawiza mno kabla ya kuipokeza twita.

Ubao Mwembamba:
Namuunga mkono Fundi, ila sentimita 45 zitamsaliti kijana hapo kwenye 1.6.

Mgongo wa koni unatoa sauti iliyo kinyume na ya mbele, nayo huzunguka ukingo. Kwako njia hiyo ni kama sentimita 22.5. Karibu na hezi 760 sauti ya nyuma inafika ikiwa imechelewa nusu wimbi, inaongezea ya mbele, kunakuwa na kilima cha sauti. Karibu na 1,500 inafika ikiwa imechelewa wimbi zima, inaikata. Yaani shimo liko mlangoni mwa krosova mpya!

Kata sehemu ya juu ibaki sentimita 26. Kilima kinakwenda kama 1,300 na shimo 2,650, wakati huo midi imeshanyamaza. Utapoteza karibu desibeli 5 kwenye sauti za chini za midi, kwa hiyo ipokeze wufa kwenye hezi 300. Hapo wimbi lina zaidi ya mita moja, wufa ikikaa sentimita 40 chini ya midi haina neno. Umbali unaotuumiza ni ule wa juu tu. Tazama LX521, spika ya ubao wazi ya marehemu Siegfried Linkwitz, ubao wake unasinyaa kadiri unavyokwenda kwenye twita. Haukuchongwa hivyo kwa urembo.

Nene:
Mimi ningebaki na upana, hata niongeze. Besi ya ubao wazi ni ghali: ukishuka oktavu moja kwa sauti ileile, koni inatakiwa isogee mara 8, wakati boksi lililofungwa linataka mara 4.

Ubao Mwembamba:
Kweli kabisa, Nene, ndiyo maana chini abaki na 45 zake au aongeze mbavu za pembeni. Midi haiimbi huko chini.

Kijuba:
Wakuu, nimekata. Twita yangu ni hezi 650, kwa hiyo nimeshuka hadi 1.6. Bamba lake nimelipiga tupa upande mmoja, kati kwa kati ni sentimita 15 na nusu. Mkono ulitetemeka kweli pale tupa ilipokaribia tundu la skrubu.

Nikisimama, anaimba palepale. Nimetembea hadi mlangoni nikarudi, hajahama. Wufa nimeipandisha desibeli 3 ili kifua cha sauti za kiume kirudi.

Kimebaki kitu kimoja. Nimegeuza nyaya za twita, chanya kwenye hasi, ili ipingane na midi, nikapima. Nilitarajia shimo la kina kirefu kwenye 1.6, nimepata bonde pana lisilo na kina, kama desibeli 9.

Fundi Koni:
Hapo hazijafika kwa pamoja. Kuba liko mbele, koni ya midi imezama ndani. Rudisha twita nyuma kwa kibao cha sentimita 2, geuza nyaya tena, upime. Bonde likiwa jembamba na la kina kirefu, rudisha nyaya zilivyokuwa ukaze skrubu.